Viatu vya Bibi Mageni

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Justa aliketi kibarazani na kalamu yake ya risasi. Nyumbani kwao, kijiji kimoja upande wa Kishapu, ni yeye tu aliyejua kusoma. Barua za baba yake mdogo Jilala, askari wa Keya, jeshi la Waingereza, aliyepelekwa vitani Burma, zilisomwa naye, na majibu aliyaandika yeye.

Mwanzoni Bibi Mageni, mama yake Jilala, ndiye aliyemtajia maneno ya kuandika.

"Mwambie nimefukuza fisi kwa mwiko."

"Lakini Bibi, alikuwa mbwa wa jirani."

"Huko Burma atajuaje? Andika fisi. Andika wawili."

Justa akaandika wawili. Mimi, jirani yao, nilimjua bibi yule. Angeishi zaidi, fisi wangefika saba na simba mmoja wa kuwasindikiza.

Hakuishi. Mwaka 1944, msimu wa kuchuma pamba, homa ilimchukua kwa siku tatu. Ukoo mzima ukanyoa nywele. Maige, baba yake Justa, akamwambia binti yake, "Mwandikie baba yako mdogo. Mwambie mayu ametutoka." Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

Justa alichonga kalamu mpaka ikabaki kipande. Barua ya mwisho ya Jilala ilikuwa mapajani pake: "Nikijua mayu yupo ananingoja, risasi zinanikwepa." Je, akijua hayupo? Justa akaandika: "Bibi hajambo. Juzi amefukuza fisi watatu."

Uongo ukishaanza hudai chakula. Jilala alijibu akiomba kipimo cha unyayo wa mama yake, amnunulie viatu, maana maisha yake yote alitembea peku. Justa akachukua uzi, akapima unyayo wake mwenyewe. Baba yake alipouliza barua imesema nini, alijibu, "Baba mdogo amelia sana. Anawapa pole."

Vita vikaisha. Mwaka 1946 Maige na Justa walikwenda kumpokea Jilala stesheni ya Shinyanga. Treni iliingia na moshi mwingi hata mbuzi weupe wakageuka weusi. Jilala akashuka, amekonda, amekumbatia boksi kifuani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Pole, ndugu yangu."

"Pole ya nini, nami nimefika? Mayu yuko wapi? Au amebaki kuwinda fisi?"

Maige alimkazia macho. "Jilala, mayu tulimzika, mwaka wa pili sasa. Si ulituandikia kwamba umelia?"

"Sijaandika hivyo."

Wote wawili wakamgeukia Justa. Pembeni watu walikuwa wakiwapigia vigelegele jamaa zao.

"Ni mimi, baba mdogo," Justa akasema. "Niliogopa risasi."

Maige akainua mkono. Jilala akaudaka. "Mwache." Kisha akaketi juu ya sanduku lake la bati, akafungua boksi. Viatu vilikuwa vyeusi, vidogo.

"Nilipoona uzi ni mfupi," akasema taratibu, "nilidhani uzee umemla mayu, amenywea mpaka miguu. Nikalia siku ile."

Kesho yake asubuhi alipiga magoti kaburini, naye Maige akamnyoa. Wengine nywele zilikwisha kuota zamani. Yeye alikuwa peke yake. Justa akaja, akapiga magoti kando yake, akainamisha kichwa.

"Na mimi, baba."

Nywele zao zikaanguka pamoja.

Baadaye Jilala alimwekea viatu mbele yake. "Vaa. Vilipimwa kwako."

"Sivitaki, baba mdogo."

"Hata mimi sivitaki. Lakini vaa, unisikilize. Uliogopa uchungu utaniua. Kule nilikuwa na wenzangu waliofiwa pia, wangenishika. Sasa ninyi mmekwisha kulia, nami ndiyo kwanza naanza. Habari mbaya ni mzigo wa mwenyewe, mwanangu. Mfikishie, halafu msaidie kuubeba."

Justa akafunga kamba za viatu, machozi yakidondoka juu ya ngozi mpya.

"Sasa nambie kweli," Jilala akasema. "Fisi walikuwa wangapi?"

"Hakukuwa na fisi. Alikuwa mbwa wa jirani. Bibi ndiye aliyesema niandike wawili."

Jilala akacheka, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni. "Huyo ndiye mayu," akasema, akaufunika uso kwa mikono miwili.