Sarafu ya Ndovu Watatu

Sarafu ilinukia mvua. Septemba, Dodoma, vumbi limefika mpaka kooni, na shilingi ishirini aliyopewa Swalihu kwenye malipo ya mkanda wa saa inanukia udongo uliolowa! Mwingine angeitupa kwenye droo. Yeye ni fundi saa, kioo hakimtoki jichoni, akaigeuza, akachungulia. Badala ya ndovu na mtoto mmoja, watoto walikuwa wawili, wa pili kama kivuli cha mwenzake. Kiwandani mashine iliipiga mara mbili. Moyo ulimruka, maana kulikuwa na mnunuzi wa Dar es Salaam aliyelipa laki nzima kwa kasoro kama ile, na mwaka ule wa tisini na tano nani hakuwa anahangaikia mtaji?

Jioni binti yake Yusra, wa miaka sita, akagoma kula. Kesho yake akawa anaongea amefumba macho, kwa sauti nzito ya mtu mzima, akidai arudishiwe chake. Na ndani ya kopo la sarafu kukawa kunagongwa, taratibu, mchana kweupe.

Mkewe, Stara, hakungoja. Akamleta mganga, Bibi Anyesi, kutoka Haneti. Bibi alilinusa kopo, akakataa kulishika. Akaeleza kwamba sarafu hiyo ilitolewa kafara kwa ajili ya mgonjwa, ikaachwa njia panda kule Zuzu, mpita njia akaiokota na kuitumia. Sasa mwenyewe, jini aliyepewa kafara hiyo, ameifuata, na mtoto amemshika rehani.

"Mrudishie ileile, baba," alinong'ona. "Saa sita mchana, juu ya alama. Naye atakupa mwanao."

Jamani, mtoto anakauka kitandani, na mwanamume mzima anawaza laki! Aliwaza, ndiyo. Alijiambia jini hana kioo, na ishirini ni ishirini. Akafunga kwenye kitambaa cheusi sarafu nyingine, mpya, isiyo na doa, ile ya kasoro akaisokomeza kwenye soksi.

Njia panda ya Zuzu haikuwa na mtu. Aliweka kitambaa chini, akageuka, akaanza kutembea bila kutazama nyuma kama alivyoagizwa, na nyuma yake harufu ya mvua ikazidi, na kitambaa kikasikika kinafunguliwa polepole, fundo kwa fundo, kisha kimya, kisha mtu akacheka kidogo, na Swalihu akakimbia mpaka viatu vikamvuka.

Nyumbani Yusra alikuwa amekaa mkekani, anakula. Stara analia kwa furaha. Swalihu akampakata mwanawe, akaushika mkono wake wa kushoto, pale uji wa moto ulipomuunguza akiwa na miaka miwili.

Ngozi ilikuwa laini. Akatafuta alama ya tetekuwanga shavuni, akatafuta kovu la nyusi. Akavaa kioo, akamkagua mtoto kuanzia utosini mpaka kwenye kucha. Hakukuwa na kasoro hata moja.

Mtoto akamsogelea sikioni.

"Ulinipa safi," alinong'ona. "Na mimi nimekupa safi."

Uani, Stara alikuwa anapakua ugali mwingine wa kumletea mwanawe.