Salamu za Bibi na Ndege ya Pili

Habari hii nilisimuliwa na fundi cherehani, mama yake Mbishi, likizo iliyopita, tulipokaa foleni ya kliniki mpaka tukaujua kila ufa wa ukuta. Nami nawapa kama nilivyopewa.

Mbishi alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani, ukimwambia mvua inanyesha, atatoa kwanza mkono dirishani ahakikishe. Kila jioni akirudi shule alibadili sare, akaokota pini zilizoanguka chini ya cherehani ya mama yake, kisha akamsindikiza Bibi dukani.

Bibi alikuwa na salamu nyingi. Kila baada ya nyumba mbili tatu alisimama, akashika ukuta, akasalimia. Watu wakamsifu kwa utu wake. Mbishi peke yake ndiye aliyegundua kwamba Bibi husalimia hata nyumba zisizo na mtu.

Siku hizo nyumba nzima ilikuwa roho juu. Mama mdogo, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, alikuwa afanyiwe upasuaji. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mama yake awe pembeni yake kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Mwajiri wake akatoa nauli ya Bibi na ya mjukuu mmoja wa kumsaidia. Kwa kuwa shule zilikuwa zinafungwa, mjukuu huyo akawa Mbishi. Kutafuta safari alipewa kaka yake, fundi simu, kijana mwenye vidole vyepesi na kifua cha kujipiga.

"Nimewamaliza!" Kaka aliingia akipeperusha simu. "Ndege mbili tu. Mnashuka hii, mnapanda ile, mnafika jioni ya kuamkia upasuaji. Nimeshika nafasi, kesho nalipia."

"Katikati tunasubiri kwa muda gani?" Mbishi akauliza.

"Dakika hamsini. Hamna kuzubaa zubaa uwanjani."

"Uwanja wenyewe mkubwa?"

"Ndege inatua hapa, nyingine iko pale. Unataka uwanja wa nini, wa mpira?"

"Na tukiikosa hiyo ya pili?"

"Ipo nyingine, baada ya siku mbili. Lakini hamtaikosa."

Mbishi akaweka kopo la pini chini. "Basi mimi siendi."

Mama akasimamisha cherehani. "Wee mtoto, unasemaje?"

"Siendi, mama. Na Bibi haendi. Tukiikosa, Mama mdogo ataingia kule ndani peke yake. Bibi hawezi kukimbia."

"Nani hawezi?" Bibi akasema kutoka kwenye mkeka. "Mimi nilikuwa nawaacha vijana nyuma kabla mama yako hajaota meno."

Kaka akacheka mpaka akashika mlango. "Umeona? Mwenye miguu amesema. Wewe unabishia miguu ya mwenzio!"

"Nabisha, ndiyo. Na sitaacha."

Kesho yake, akitumwa nyuzi, alipita kwa dada muuza tiketi mwenye kiofisi kando ya stendi, akamuuliza safari ya kubadili ndege huwaje. Yule dada hakumfukuza. Alimweleza kwamba muda wa kusubiri huanza kuhesabiwa ndege inapotua, si abiria anaposhuka. Waliokaa nyuma hushuka mwisho. Kuna ukaguzi wa mizigo ya mkononi upya, kuna mwendo mrefu, pengine na treni ya kutoka jengo hadi jengo. Na mlango wa ndege ya pili hufungwa kabla haijaondoka, dakika ishirini hivi.

Mbishi alirudi na nyuzi za rangi asiyotumwa, lakini kichwani alikuwa na mpango.

"Kaka, kabla hujalipa, tufanye safari yenyewe hapa hapa mtaani. Ukishinda, nitakufulia nguo likizo nzima."

"Mpaka soksi?"

"Mpaka soksi."

Hapo Kaka alikubali bila kufikiri mara mbili. Soksi zake zilijulikana.

Mtaa mzima ulijaa mlangoni kutazama. Chumba cha kushonea kikawa ndege. Mama na majirani wakapangwa kwenye viti mbele, Bibi akakaa nyuma kabisa, ukutani, mkoba mapajani. Kaka akabonyeza saa ya simu. Majirani wakasimama wote kwa pamoja, mmoja akatafuta kiatu, mwingine akasahau mkoba akarudi, kama abiria wa kweli. Bibi alipotoka nje, Kaka alikuwa ameshaanza kuguna.

"Sasa ukaguzi," Mbishi akaamrisha, akawapanga kwenye foleni ya bomba la maji, nyuma ya ndoo za watu. "Hakuna kupenya!"

"Hii ni hila," Kaka akasema.

"Uwanjani watakupisha kwa sababu wewe ni fundi simu?"

Watu wakaangua kicheko. Baada ya foleni walianza kutembea kuelekea lango la mbali la uwanja wa shule, ndiyo "ndege ya pili". Bibi alikaza mwendo, kidevu juu. Nyumba ya kwanza, hakusalimia. Ya pili, hakusalimia. Alikuwa anataka kumshinda mjukuu wake mbele za watu. Walipofika kwa fundi viatu, akasimama ghafla, akajishusha kwenye benchi lake, uso umelowa jasho.

"Bibi, salamu?" Mbishi akauliza polepole.

Bibi akauweka mkoba kando. Alivuta gauni kidogo. Goti lilikuwa limevimba kama limefungwa kitambaa kwa ndani.

"Tangu lini hili, mama?" Mama akapiga magoti.

"Tangu masika yaliyopita." Bibi akafuta macho kwa upande wa mtandio. "Nilificha. Nilijua mkiliona mtasema mzee akae nyumbani, asafiri mwingine. Ni mwanangu yule anayepasuliwa. Nikaona bora nife na goti langu."

Kaka akatazama simu. Muda ulikuwa bado unakimbia, na lango la shule halijaonekana. Akaisimamisha saa. "Hata mimi nilificha," akasema, sauti imemshuka. "Palikuwa na onyo kwamba muda ni mfupi. Nililifunga. Nilikuwa nimeshajigamba kwa Mama mdogo kwamba nimepata safari ya haraka."

Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akapumua. "Nyanyukeni. Kabla ya kulipa, kila kitu kinabadilishwa."

Siku ile ile walikwenda kwa dada muuza tiketi. Wakapangiwa kuondoka siku moja mapema, na kusubiri katikati kwa saa tano, tiketi yote ya pamoja ili mizigo ipite yenyewe mpaka mwisho. Likabaki jambo moja. Dada alitaka kumwombea Bibi kiti cha magurudumu.

"Mimi si gunia la mkaa la kusukumwa," Bibi akasema.

"Basi tusiende," Mbishi akajibu, akakunja mikono.

Bibi akamtazama yule mtoto, kidevu chake juu kama cha Bibi mwenyewe, akacheka bila kupenda. "Andika hicho kiti, mwanangu. Huyu nimemzaa mara mbili."

Siku ya safari ndege ya kwanza ilichelewa kuruka. Waliposhuka katikati, mhudumu alimsukuma Bibi kwenye korido zisizokwisha, wakapanda treni, wakashuka, wakasukumwa tena. Kwenye kaunta moja walimkuta baba mmoja waliyesafiri naye akigonga meza. Yeye alijiwekea muda mfupi wa kubadili, ndege yake ikamwacha, na nyingine haikuwapo hadi keshokutwa. Mbishi alitaka kumpigia Kaka simu papo hapo.

"Wee, acha," Bibi akasema. "Mtu ameshakiri, usimkanyage." Kisha akaongeza, "Lakini mpigie picha huu ukumbi ulivyo mrefu, aone."

Walifika. Asubuhi ya upasuaji Bibi alimshika mwanawe mkono mpaka mlango ulipofungwa. Mchana daktari alitoka akitabasamu: kila kitu kimekwenda vizuri.

Mama mdogo alirudishwa wodini, akalala kwa nguvu ya dawa. Bibi akamvuta Mbishi kando ya kiti chake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Safari haipangwi kwa mwendo wa ndege, inapangwa kwa mwendo wa anayesafiri. Na anayesafiri naye aseme ukweli wa mwili wake, maana asiposema, mwenzake atapanga kwa kubahatisha. Mimi nilitaka nionekane mzima, nikakaribia kumwacha mwanangu peke yake. Kesho daktari wa hapa ataliona goti langu. Na wewe, ubishi wako usiuache. Lakini ubishie jambo ulilolipima, kama ulivyofanya, usibishe kwa kelele tu."

"Kelele kidogo zinasaidia," Mbishi akasema.

Bibi alicheka, akaegemea kiti, na baada ya muda akaanza kukoroma taratibu.

Nje jua lilikuwa kali, ila kwao nyumbani watu walikuwa wameshalala. Muuguzi akapita, akamletea Mbishi blanketi. "Lala, mtoto, umechoka."

"Sina usingizi mimi," Mbishi akasema, amekaza macho. "Ninawaangalia hawa wawili. Sina usingizi hata..."

Muuguzi akamfunika.