Darasa Lilihamia Uani

Nyumbani kwetu siku huanza na bata. Wakianza kelele, hakuna anayelala. Mke wangu Nenita huinjika wali. Mimi huenda kumtoa topeni nyati wetu wa kulimia. Binti yetu Maricar, wa miaka kumi, alizoea kuokota mayai pamoja na mdogo wake Elmar, wakishindana nani atapata mengi.

Kisha mimi nikalikataza hilo.

Shule iko ng'ambo ya mto, na mto wetu ukijaa hauna huruma. Kwa hiyo tuliwaandikisha watoto wasomee nyumbani. Tulipewa vitabu, na mwalimu wa kututembelea kila mwezi. Mimi niliishia darasa la nne. Nilitaka watoto wangu wasome kweli, si mchezo. Nikatengeneza madawati mawili, nikayaweka sebuleni. Nikasimamisha mlingoti wa mwanzi. Kila asubuhi tulipandisha bendera, tukaimba. Nikawanunulia sare nyeupe.

"Saa moja mpaka saa tisa, hakuna kukanyaga tope," nikatangaza.

"Sare nyeupe kwenye nyumba ya bata?" Nenita akacheka. "Utafua wewe?"

"Ndiyo maana hawatoki nje!"

Maricar akashindwa mtihani wa kwanza. Hesabu za sehemu zilimshinda. Mimi nikaongeza saa za kukaa dawatini.

"Robo tatu ya nane ni ngapi?"

"Sijui, Baba."

"Soma tena!"

Akasoma tena. Machozi yakadondokea kitabuni.

Mwalimu alikuwa ametueleza mapema: akishindwa mara ya pili, itabidi akasome shule ya mjini, akae kwa shangazi yake. Maricar hajawahi kulala hata siku moja mbali na mama yake. Nenita aliacha kucheka. Nyumba nzima ikanuna.

Mwalimu wetu ni Bi Perla, mama wa miaka hamsini anayekuja kwa pikipiki, buti zimejaa matope. Siku hiyo alisimama mlangoni akatazama madawati, sare na nyuso za watoto.

"Kaka Teodulo, hapa kuna msiba?"

"Tunasoma, Mwalimu."

"Mbona mama yao anaanika mpunga peke yake? Watoto, vueni viatu. Twendeni nje."

Nikataka kubisha. Akanipita.

Uani mpunga ulikuwa umetandazwa juu ya turubai. Maricar akachukua reki, akaanza kuugeuza. Akaokota punje upande huu na upande ule, akaziuma.

"Unafanya nini?" Mwalimu akamwuliza, kama mtu asiyejua.

"Naangalia kama umekauka. Punje ikivunjika kwa mlio, tayari. Ikibonyea, bado."

"Na huu?"

"Mama aliuanika jana magunia manane. Sita tayari. Mawili haya ya kivulini bado."

"Ukigawa mpunga wote mafungu manne yaliyo sawa, kila fungu lina magunia mangapi?"

"Mawili."

"Mafungu mangapi yamekauka?"

Maricar akatembea juu ya turubai akihesabu kwa kidole. "Matatu. Matatu kati ya manne." Akasimama ghafla. "Baba! Ndiyo robo tatu! Robo tatu ya nane ni sita!"

Wiki tatu nilikuwa nampigia kelele kwa kitu kilichoanikwa uani kwangu.

"Mwanao si mjinga," Mwalimu akaniambia. "Umemfungia mbali na anavyovijua. Mpe kazi ya nje, kisha mwulize: ngapi, urefu gani, sehemu gani? Usimpe jibu. Aandike siku hiyo hiyo. Kitabu kije baadaye, naye atakielewa."

"Basi wafanye kazi kutwa?"

"Wee! Usiwageuze vibarua. Kazi kidogo, mchezo, kisha kitabu. Na kitabu kisikose hata siku moja."

Jioni hiyo nilihamishia madawati nje, chini ya upenu. Nikamkatia Maricar mwanzi, tukautia alama za mita. Akapima matuta ya mboga na zizi la nyati. Elmar akahesabu mayai na kuyapanga kumi kumi. Kazi ikiisha, walichora mistari ya maji chini wakacheza patintero: mmoja analinda mstari, mwingine apite bila kuguswa.

"Mama mzito kama nyati!" Elmar alimtania mama yake alipoingia mchezoni.

"Nyati huyu ndiye anayekupikia!" Nenita akajibu, akamnasa.

Baada ya hapo walisoma. Hawakusukumwa.

Siku ya mtihani wa pili, Maricar alikaa chini ya upenu na karatasi yake, Mwalimu akimsimamia. Mimi nilijificha nyuma ya nyati. Akafika swali la mwisho: bustani ina urefu wa mita kumi na mbili, robo tatu yake imepandwa; mita ngapi zimepandwa? Kalamu ikasimama. Akainuka, akaenda uani. Nilifungua mdomo nimrudishe. Mwalimu akaninyooshea kidole: kimya.

Maricar akatembea hatua kumi na mbili ndefu. Akarudi nyuma, akaweka kijiti kila baada ya hatua tatu. Akatazama vijiti. Akakimbia kurudi, akaandika: tisa.

Mwalimu alisahihisha taratibu mno. Nenita alinishika mkono mpaka ukauma.

"Amefaulu," Mwalimu akasema. "Na swali la mwisho amelipata."

Nenita alipiga yowe, bata wakatawanyika. Nikambeba Maricar mabegani, miguu yake ya tope ikichafua shati langu, nikazunguka naye kando ya mashamba.

Jirani yetu Isko akainua kichwa. "Kuna nini, Teodulo? Umeshinda uchaguzi?"

"Zaidi!" nikampigia kelele. "Haendi mjini! Anabaki!"