Blanketi la Buluu na Nyeupe

Jumatano, tarehe 12 Oktoba 1994, tulikuta mnyororo kwenye geti la kiwanda. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Wakubwa wa serikali walituhutubia uwanjani, tukawapigia makofi. Kumbe walishafungulia mitumba mlango, sisi wakatufungia.

Tulikuwa tukifuma vitambaa vya shuka za hospitali. Badala ya mshahara wa mwisho, kila mtu alipewa gunia la mabaki, ya buluu na meupe.

"Luseno," mke wangu Lenah alicheka, "sasa sisi ni matajiri wa matambara."

Mwaka uliofuata nimonia ilimuua wodini. Alikuwa amejifunika leso yake tu. Shuka hakuna, nesi alisema, stoo ni tupu.

Ikaja baridi ya Julai. Hapa mtaani kwetu Ziwani sakafu ni simiti tupu. Binti yetu Mideva alianza kukohoa kama mama yake. Dawa ya kliniki alikunywa. Alichokosa ni joto. Nikalishika lile gunia.

Nilikata vipande vidogo, nikavishona kimoja kimoja kwa mkono. Kiwandani walitulipa kwa kuhesabu vipande, kwa hivyo mkono wangu haukujua njia nyingine. Wiki nzima, na nilichopata hakikufunika hata magoti ya mtoto.

Jirani yangu Mama Munene ni fundi wa cherehani. Hushonea barazani. Aliinua kazi yangu juu.

"Baba Mideva, hii ni blanketi ama ni chapati yako ya kwanza? Mbona imejikunja?"

"Cheka tu, Mama Munene. Mtoto anakohoa."

Akaacha kucheka.

"Usianze na vidogo. Kata mikanda mirefu, uishone, halafu ndiyo uikate."

"Nikate kitu nimeshashona? Huo si wazimu?"

"Wazimu ni kushona chapati. Leta kitu kigumu cha kupimia."

Nikatoa kadi yangu ya kiwandani.

"Sawa. Leo angalau itafanya kazi."

Tulikata mikanda yote kwa upana wa kadi ile. Akaishona minne minne kando kwa kando: buluu, nyeupe, buluu, nyeupe. Mishono yote minyoofu, haraka haraka. Akapiga pasi ya makaa ili mishono ilale. Kisha akaniambia nikate kila kitambaa kilichoungwa kwa kukingama mishono, kwa upana ule ule wa kadi. Kila mkato ukatoa mkanda wenye vipande vinne ambavyo tayari vimeshonwa!

"Sasa geuza mmoja, uache mmoja," akasema. "Buluu ikae kando ya nyeupe."

Nikageuza. Miraba ikapangika yenyewe kama ubao wa drafti. Tukaunganisha mikanda hiyo hadi ikatosha kitanda. Katikati tukatandika koti na sweta za Lenah, tulizozifumua mishono. Chini tukaweka pazia kuukuu. Mwishowe tukapitisha mishono mirefu juu ya vyote visihame.

Jua halijatua, kazi imekwisha. Mideva akajifunika hadi shingoni. Wiki ile kifua chake kilitulia.

Siku moja alikuwa amejifunika barazani kwa Mama Munene, akipapasa ile miraba.

"Baba, kitambaa hiki kilikuwa cha nani?"

"Cha hospitali."

"Na mlifuma kingi?"

"Kingi sana, mwanangu."

Mama Munene akainamia cherehani yake.

"Sasa zile shuka nyingine zilienda wapi, mama yangu akalala bila?"