Kadi Yangu ya Mtihani Kwenye Droo ya Mwalimu Uhakika

"Kadi yako haitoki humu mpaka asubuhi ya mtihani!"

Mwalimu akafunga droo, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni.

Jamani, nilitamani kulia! Bila kadi ile huingii kwenye mtihani wa leseni ya uuguzi. Na mimi nilishafeli mara mbili. Ukifeli ya tatu, unarudi chuo mwaka mzima. Nilikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, nasukuma vitanda huku cheti changu kinakula vumbi.

Kozi hii ya kujiandaa na mtihani alinilipia shangazi, aliyenilea tangu mama afariki. Aliuza cherehani yake.

"Shangazi, sina uhakika na hawa watu," nilimwambia.

"Mara mbili ulikuwa na uhakika, mwanangu. Ulikufikisha wapi?"

Haya, nyie mngejibu nini?

Darasa lilikuwa juu ya duka la vifaa vya umeme. Tulikuwa kumi na wanne, na dirisha moja lenye nondo. Siku ya kwanza tukasaini fomu, tukakabidhi kadi "zisije zikapotea". Mwalimu tulimwita Uhakika, maana tangazo lake liliandikwa: KUFAULU NI UHAKIKA.

Akasoma swali.

"Mama kajifungua sasa hivi. Damu inamwagika, mji wa uzazi umelegea. Unaanza na nini?"

Akajijibu mwenyewe: "Unamwita daktari, unasubiri."

Uvumilivu ukanishinda.

"Mwalimu, ukisubiri atakufa! Unapiga kelele ya msaada huku mkono uko tumboni, unasugua mji wa uzazi mpaka ukaze!"

Akaninyooshea chaki.

"Vizuri," akasema. "Njoo mbele uwaeleze wenzako."

Akaenda kukaa nyuma na daftari lake.

Tangu hapo ikawa wimbo: "Eleza wewe, mimi nasikiliza." Dawa, eleza. Kidonda, eleza. Sauti ikanikauka!

"Mbona anaandika sana?" nilimnong'oneza jirani yangu wa dawati.

"Anatupa alama, shosti."

Siku ya nne nikachoka. Nikamfuata ofisini kuomba kadi yangu nikajisomee nyumbani. Ndipo akafunga ile droo.

"Ulisaini," akasema. "Ukiondoka, nampigia shangazi yako nimwambie umekimbia."

Alijua pa kunishika! Nikarudi darasani nimenywea. Siku nane zilizobaki nilifundisha watu niliolipa kukaa nao.

Asubuhi ya mtihani, mlangoni mwa ukumbi, akatoa kadi moja moja kwenye bahasha. Nikaipata yangu, nikapumua.

Kwenye bahasha ikabaki moja.

Akaichukua. Akaivaa shingoni. Akapanga foleni nyuma yangu!

"Mwalimu... unasimamia mtihani?"

"Shhh! Sogea mbele."

Nikaitazama kadi. Picha yake. Chini: MTAHINIWA.

"Umefeli mara ngapi?"

"Hayo si ya leo," akajibu, jasho linamtoka.

Yaani tulimlipa, halafu tukamfundisha!

Matokeo yalipotoka, nimefaulu. Na yeye kafaulu, msinicheke. Kusema kweli, kule kueleza kila siku ndiko kuliniweka sawa. Lakini hata jikoni kwa shangazi ningeweza kukaa na wenzangu tukaelezana, na cherehani ingekuwepo.

Shangazi alifurahi mpaka akacheza. Nikakosa ujasiri wa kumwambia. Wiki tatu nimelimeza lile jambo, kila akimsifu mwalimu naitikia.

Juzi kaingia anacheka.

"Nimemshauri jirani ampeleke binti yake kwa mwalimu wako. Wanalipa kesho!"

Nikisema, atajua cherehani ilikwenda bure. Nikinyamaza, mtoto wa watu anakabidhi kadi yake.

"Shangazi, kaa kwanza."

Nikamwambia yote, macho chini.

Hakunigombeza. Akainuka kutafuta viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa jirani. Na wewe twende, ukaseme kama ulivyoniambia mimi."

Tukaenda.

Ndugu zangu, kabla hujalipia kozi ya leseni, mwombe mwalimu akuonyeshe leseni yake. Akikasirika, beba kadi yako uondoke. Na kama ulishaumizwa, sema. Aibu yako ukiificha, mwenzako ndiye anayekwenda kuilipia.