Chumvi Iliyobaki Tangini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kunyoa watu, kinyozi alisimama mbele ya tangi la kioo sebuleni kwake. Ndani mlikuwa na samaki wadogo na tumbawe la kijani, kubwa kama ngumi. Wengi hudhani tumbawe ni jiwe, kumbe ni mnyama. Likiwa na afya hutoa vidole laini na kunasa chakula.

Siku hizo lilikuwa limejikunja. Rangi ilipauka, pembeni likawa jeupe. Kinyozi alikosa raha. Akatafuta wa kumlaumu, akampata mama mkwe wake, aliyeishi nao tangu miguu ilipoanza kumsumbua.

"Mama, ni hiyo dawa yako ya mbu," alisema, tena mbele ya wageni. "Unaniulia tumbawe."

Mama mkwe aliinuka taratibu, akaingia chumbani. Tangu hapo hakukaa tena sebuleni. Hata chakula alipelekewa hukohuko.

Tumbawe halikupona. Mwishowe kinyozi alimwita jirani yao, muuzaji wa samaki wa mapambo. Mtaa mzima ulimwita Dada Samaki.

Dada Samaki alipima joto la maji. Lilikuwa sawa. Aliuliza kuhusu taa ya tangi. Haikubadilishwa.

"Mama anapuliza dawa ya mbu," kinyozi alisema.

"Anapulizia wapi?"

"Chumbani kwake, na mlango anafunga," mke wa kinyozi alidakia. "Tena tangu asemwe, hapulizi kabisa."

"Dawa hiyo ni sumu kwa tumbawe, msiipulize karibu na tangi. Lakini hapa sidhani kama ndiyo. Shemeji, maji yakipungua unaongeza nini?"

"Maji niliyotia chumvi. Si kiumbe wa baharini?"

Dada Samaki alichota maji kidogo, akayatia kwenye kipimo.

"Chumvi imezidi mno. Mchuzi ukichemka mpaka ukapungua, unakuwaje?"

"Chumvi inakolea," mke alijibu.

"Basi ndiyo hayo. Maji hupotea hewani, chumvi hubaki. Shemeji amekuwa akiongeza chumvi juu ya chumvi."

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke.

"Nibadilishe maji yote leo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Utaliua. Kila siku toa maji kidogo tu, rudisha yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi. Ya bomba usitie, yana dawa ya kuua vijidudu. Endelea kupima mpaka chumvi irudi kiasi chake. Baada ya hapo, yakipungua jazia hayo matupu."

Dada Samaki alipoondoka, kinyozi alibisha hodi kwa mama mkwe. Alimkuta amekaa kitandani, mikono imejaa alama za mbu.

"Mama, naomba radhi. Kosa lilikuwa langu."

"Nilikuamini," alisema mama. "Nimekaa humu nikijiona muuaji."

Jioni ile kinyozi alimfungia chandarua kwa mikono yake. Kisha aliwaita wale wageni, akakiri mbele yao, macho yakiwa sakafuni.

Alifuata maelekezo bila kuruka siku. Wiki zikapita. Asubuhi moja tumbawe lilitoa vidole vyake, na ukijani ukaanza kurudi. Akaenda kumwita mama mkwe, akamshika mkono mpaka kwenye tangi.

Mama aliinamia kioo.

"Limepona," alisema. "Na wewe, aibu imekutoka?"

"Bado, Mama."

"Basi iache ikae kidogo."