Marahaba Kabla ya Shikamoo

Chiku alikuwa na shikamoo nyingi, lakini hakuwa na wa kumpa.

Kwao Muheza, shikamoo zilikuwa hazikai. Moja ya Bibi, hata uso hajanawa. Moja ya Mzee Semboja, fundi baiskeli. Moja ya mama muuza vitumbua. Moja ya mwalimu, pale langoni.

Na wote waliitika.
"Marahaba, Chiku."
"Marahaba, mjukuu wangu."
"Marahaba. Jana mbona sikukuona?"

Ukisahau kusema shikamoo, shauri yako. Bibi hagombezi. Bibi anaitika tu, kwa sauti, kabla hujasema kitu.
"Marahaba!"
Hapo unajua umekosa. Unatamani kuingia chini ya kitanda.

Sasa Chiku alikuwa mbali na Bibi. Alikuwa Istanbul, nchi ya Uturuki. Mama alipata kazi huko, ya kushona mashati. Walipanda ndege mbili. Walifika mvua inanyesha.

Siku sita za wiki Mama alishona. Siku hizo Chiku alikaa kwa jirani, mlango wa pili. Jirani aliitwa Bi Nermin. Alikuwa mzee. Alikuwa na televisheni, na paka mnene.

Asubuhi ya kwanza, Chiku aligonga mlango. Ko, ko, ko.
Aliiweka shikamoo tayari mdomoni.
Mlango ukafunguka. Kachu!
"Marahaba!" alisema Bi Nermin.
Na Chiku alikuwa hajasema kitu.

"Nimekosa," aliwaza Chiku. "Nimechelewa."

Asubuhi ya pili, alifungua mdomo mapema. Ko, ko, ko. Kachu!
"Marahaba!" Bi Nermin akawahi.
Na Chiku alikuwa hajasema kitu.

Asubuhi ya tatu, hakujaribu. Ko, ko, ko. Kachu! Chiku alitazama viatu vyake.
"Marahaba," alisema Bi Nermin, polepole kidogo.
Chiku akapita, akaenda kukaa na paka. Paka hapewi shikamoo.

Ikaja Jumapili. Mama hakwenda kazini. Miguu yake ilikuwa imevimba. Aliiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi, akaikausha, akavaa viatu.

"Chiku."
"Abee."
"Vaa koti. Twende tukauone mji. Mtu hawezi kukaa mahali asipopajua."
"Tutakula nini?"
"Tutakachokikuta."

Wakatoka. Barabara ilikuwa na maji. Chwa, chwa, chwa, viatu vya Chiku. Chwa. Chwa. Viatu vya Mama.

Treni ndogo nyekundu ilipita katikati ya barabara. Ngri, ngri, ngri. Watu walikuwa wengi sana. Chiku aliwatazama wote. Hapakuwa na hata mmoja anayemjua.

Pembeni palikuwa na mama mmoja anachoma mahindi. Chiku alisimama. Mahindi aliyajua. Harufu yake ilikuwa ya Muheza kabisa.

Mama yule aliinua macho, akamwona Chiku.
"Marahaba," alisema.
Na Chiku alikuwa hajasema kitu.

Chiku akajificha nyuma ya koti la Mama.

Walipewa hindi moja, lina chumvi tu.
"Pilipili iko wapi?" Chiku aliuliza. "Na limau?"
"Vimebaki Muheza," alisema Mama. "Kula hivyo hivyo."

Chwa, chwa, chwa. Wakafika kwa mzee mwenye masharubu. Alikuwa anachoma njugu kubwa za kahawia juu ya makaa. Zilipasuka. Ta! Ta! Ndani zilikuwa laini na tamu, kama kiazi kitamu.

"Marahaba," alisema mwenye masharubu, akimtazama Chiku.
Na Chiku alikuwa hajasema kitu.

Sasa masikio yake yalikuwa ya moto. "Hata huyu," aliwaza. "Wote wameshajua kwamba sina adabu."

Chwa. Chwa. Chiku alitembea polepole kuliko Mama.

Ikasikika sauti ya mtu anayeimba. "Simiiit! Simiiit!"
Alikuwa babu mmoja, na sinia kichwani. Juu ya sinia kulikuwa na mikate ya duara, kama bangili kubwa, imejaa ufuta. Hiyo mikate ndiyo simit.

Babu alishusha sinia. Alikuwa na mvi kama za Bibi.
"Marahaba," alisema.

Safari hii Chiku hakujificha. Alishika mikono yake pamoja. Akasema, taratibu, "Shikamoo."

Babu hakuitika.

Alimtazama Chiku. Alimtazama Mama. Akampa Mama simit moja, kisha akamgeukia mteja mwingine.

Shikamoo ya Chiku ikaanguka barabarani, na hakuna aliyeiokota.

Mama na Chiku waliketi kwenye benchi. Mama aliukata mkate vipande viwili. Ufuta ulinukia vizuri. Lakini Chiku hakuuma hata kidogo.

"Kula," alisema Mama.
Chiku aliugeuza mkate mkononi.
"Jino linauma?"
"Hapana."
"Basi ni nini?"

"Wananisuta," alisema Chiku.
"Nani anakusuta?"
"Wote. Mama wa mahindi. Mwenye masharubu. Hata Bi Nermin, kila siku. Wanaitika marahaba na mimi sijasema kitu. Kama Bibi nikisahau."
Chozi moja likashuka. "Na leo nimesema. Na babu yule hakuitika."

Mama aliacha kutafuna.
Kisha akacheka. Alicheka mpaka ufuta ukamruka mdomoni. Tangu washuke kwenye ndege, alikuwa hajacheka hivyo.

"Haichekeshi, Mama."
"Haichekeshi. Ngoja." Mama alijifuta mdomo. "Sikiliza. Hawasemi marahaba. Wanasema merhaba. Hapa maana yake ni hujambo."

"Hujambo?"
"Hujambo tu. Mkubwa anamwambia mdogo. Mdogo anamwambia mkubwa. Anayewahi ndiye anayesema."
"Mtu mzima ananisalimia mimi kwanza?"
"Ndiyo. Wiki nzima unasalimiwa, na wewe unatazama viatu."

Chiku aliwaza.
"Kwa nini hukuniambia?"
"Na mimi siku ya kwanza kiwandani nilishangaa," alisema Mama. "Nikasema nikirudi nitakuambia. Nikarudi nimechoka. Nikasahau."

"Kwa hiyo shikamoo hawaijui."
"Hawaijui."
"Hata mmoja?"
"Anayeijua hapa ni mimi tu."
"Wewe nilishakupa asubuhi."
"Ulinipa. Nikaitika."

Ngri, ngri, ngri, treni nyekundu ikapita. Mji ulikuwa mkubwa sana. Na katika mji wote huo, wa kuitika alikuwa mmoja, naye alikuwa anavua kiatu ili asugue mguu.

Chiku alitazama mkate wake. Akatazama barabara.
"Mama."
"Ee."
"Na mimi je, nikiwahi?"
"Ukiwahi nini?"

Lakini Chiku alikuwa ameshashuka kwenye benchi.
"Chiku, ngoja nivae kiatu."

Chwa, chwa, chwa, chwa! Chiku alikwenda mpaka kwa mwenye masharubu. Mzee alikuwa ameinama, anageuza njugu zake. Hakuwa amemwona.

"Shikamoo!" alisema Chiku.

Mzee alitazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama chini, akamwona msichana mdogo mwenye koti la bluu.
Masharubu yakapanda juu. Alikuwa anacheka.
"Merhaba," alisema.

Chiku alisimama pale pale.
Shikamoo. Marahaba. Moja mbele, moja nyuma, kama inavyotakiwa.

"Mama, ameitika."
"Nimesikia," alisema Mama. Alikuwa amefika anachechemea.
Mzee alimpa Chiku njugu moja, ya moto. Ta!

Chwa, chwa, chwa. Mama wa mahindi alikuwa anapuliza moto.
"Shikamoo!"
"Merhaba, merhaba," alisema mama wa mahindi.
Mara mbili, kama shangazi yake Chiku wa Korogwe.

Wakarudi nyumbani. Mama alipanda ngazi akishika ukuta. Chiku alitangulia. Mkononi alikuwa na kipande chake cha simit. Alikuwa amekila nusu. Nusu aliiacha.

Akasimama kwenye mlango wa pili. Ko, ko, ko.
Hakungoja ufunguliwe.
"Shikamoo!" aliuambia mlango.

Ndala zikaja. Pwa, pwa, pwa. Zilikuja polepole.
Kachu!
"Merhaba!" alisema Bi Nermin.

Chiku hakutazama viatu. Alitazama juu. Bi Nermin alikuwa na jino moja la dhahabu. Lilionekana kwa sababu alikuwa anacheka. Wiki nzima Chiku hakuwa ameliona.

Alimpa nusu ya simit. Bi Nermin aliukata mkate ule tena, akampa paka kidogo. Kisha akamshika Chiku shavu, akasema maneno mengi. Chiku hakuelewa hata moja. Lakini hakuondoka mpaka yakaisha.

Jioni, Mama alimfunika Chiku blanketi.
"Kesho nitawahi tena," alisema Chiku.
"Wahi. Ila usimvunjie mtu mlango wake."

"Mama."
"Nini tena?"
"Bibi sasa hivi anapewa shikamoo na nani?"

Mama alikaa kidogo kitandani.
"Na majirani. Lakini zako hajazipata."
"Atazipata lini?"
"Jumatano tunampigia simu. Mpe zote za wiki."

Chiku alianza kuzihesabu kwa vidole. Moja ya Jumatatu. Moja ya Jumanne. Moja ya Jumatano, ile siku alipotazama viatu. Moja ya...

Mama alingoja. Kisha akazima taa.
"Marahaba," alisema, kwa niaba ya Bibi.
Na Chiku alikuwa hajasema kitu.
Alikuwa ameshalala.